Jembe, kura na kamba ya kupimia matuta

Swali la wiki hii limetoka kwa msomaji wa Mabwepande. Nimelifupisha, lakini maneno ni yake:

"Shikamoo Mwalimu. Nalima mchicha, matembele na bamia, ekari moja na nusu ya kukodi, karibu na Mto Mpiji. Wachuuzi wakija shambani wananunua kwa tuta, na zamani hawakujali tuta lina urefu gani. Tulichoka. Nikatafuta kamba, nikaifunga mafundo, tukakubaliana wakulima wote kwamba tuta ni mita kumi, likizidi mnunuzi anaongeza. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita diwani. Ilianza kama utani, sasa wamekazana kweli. Mzee mmoja wa huku ameniambia nisiogope, maana Kinondoni iliwahi kuwa na mbunge Mzungu ambaye alikuwa mkulima wa ngano. Ni kweli? Alifikaje? Na mimi mwanamke wa darasa la saba nikichukua fomu, shamba litanibeba au nitaliua?"

Marahaba, dada yangu. Mzee wako hakukudanganya. Mtu huyo aliitwa Derek Bryceson, na kwa sisi tuliofundisha historia ya siasa za nchi hii ni mmoja wa watu wanaotusumbua darasani, kwa sababu wanafunzi hawaamini. Mlowezi, mkulima, Mzungu, kisha mbunge wa watu wa Kinondoni kwa kura za Waafrika? Nitaanza naye, nitapitia kwa mwingine wa Mwanza ambaye ndiye hasa ninayetaka umjue, halafu nitakuja kwenye matuta yako.

Bryceson alizaliwa China mwaka 1922 kwa wazazi Waingereza. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta kijana, akawa rubani wa jeshi la anga la Uingereza, ndege yake ikaangushwa. Madaktari walimwambia hatatembea tena. Alitembea, kwa fimbo na kwa taabu, hadi mwisho wa maisha yake. Baada ya vita akaja Kenya kulima, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akavuka kuja Tanganyika, akapata shamba la ngano kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Hapo tusimame kidogo, maana shamba la Mzungu kaskazini mwa Tanganyika wakati ule halikuwa shamba tu. Mwaka 1951, upande wa pili, kwenye ardhi ya Wameru, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachangishana, wakamtuma msemaji wao, Kirilo Japhet, hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kueleza jinsi walivyotolewa. Ardhi haikurudi siku hiyo, lakini habari ilienea nchi nzima, na watu ambao hawakuwahi kuiona Meru wakajifunza kwamba malalamiko ya mkulima yanaweza kufika mbali kuliko boma la DC. Kwa hiyo unapouliza mkulima anaingiaje kwenye siasa, ujue wapo ambao siasa iliwafuata wao, tena ikiwa na kiberiti mkononi.

Bryceson alikuwa upande ule ulionufaika na mpangilio huo. Walowezi wenzake wengi, ilipofika 1956, walikuwa na chama chao, UTP, kilichobarikiwa na Gavana Twining ili kuizima TANU. Njia nyepesi kwake ilikuwa kujiunga na wenzake, auze ngano yake, aishi. Yeye akaenda upande wa Nyerere.

Nafasi yake ilikuja kwa mlango wa ajabu, ule wa uchaguzi wa kura tatu. Sheria ya uchaguzi wa 1958 na 1959 ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukichagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Wengi ndani ya TANU walitaka kususia, na mkutano wa Tabora wa Januari 1958 nusura ukipasue chama. Nyerere aliwashawishi waingie. Sasa ukishakubali kuingia, unahitaji Mzungu na Mwasia wa kuwapigia kura, watu unaoamini hawatakugeuka wakishaketi. Bryceson akawa mmoja wa hao, akaingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU.

(Kwa kuwa umetaja darasa lako: katika uchaguzi ule, mtu alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambulika, ndipo apige kura. Wewe ungekosa kwa darasa moja. Na wakulima walio wengi hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Mkulima wa kwanza kufaidika na kura ile alikuwa mwenye trekta.)

Jambo ambalo wanafunzi hulipita bila kulitazama ni hili: kadi ya TANU ilikuwa ya Waafrika peke yao mpaka mwaka 1963. Yaani kwa miaka kadhaa Bryceson alikuwa waziri katika serikali ya chama ambacho hakuruhusiwa kuwa mwanachama wake. Aliketi serikalini Oktoba 1961 wakati Bunge linabishana kuhusu sheria ya uraia, na baadhi ya wabunge wakisema waziwazi kwamba uraia uwe wa Waafrika kwanza. Nyerere alitishia kujiuzulu siku zile. Jaribu kujiweka kwenye kiti cha Bryceson: watu unaowatumikia wanajadili, ukiwa umekaa hapo hapo, kama wewe ni mwenzao. Hakuondoka. Baada ya uhuru alishika Wizara ya Kilimo kwa nyakati tofauti, na ya Afya pia.

Halafu ukaja mwaka 1965, na hapa ndipo hadithi ya mzee wako ilipo.

Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Mkutano wa wilaya wa TANU ulipigia kura majina, Halmashauri Kuu ikateua wawili, na hao wawili wakapelekwa kwa wananchi. Hakuna mgombea aliyeruhusiwa kufanya mkutano wake binafsi. Chama ndicho kilichoandaa, wagombea wote wawili wakakaa jukwaa moja, mmoja akimaliza mwenzake anasimama. Kugusa kabila, dini au rangi ya mtu kulikatazwa, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili tu. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa alama: mmoja Jembe, mwingine Nyumba.

Ungeona vituko vya alama hizo. Mwenye jembe anawaambia watu bila jembe hakuna chakula. Mwenye nyumba anajibu: utalima mchana kutwa, usiku utalala ndani ya jembe? Alama hizo ziliendelea hadi uchaguzi wa 1990, na sisi watoto wa wakati ule tulizichora kwa mkaa ukutani bila kujua maana yake, tukapigwa kwa kuchafua kuta. Siasa za nchi ya wakulima ziligeuka kubishaniwa kwa picha ya jembe, na jembe lilishindwa mara nyingi tu, maana halikulima kitu kwenye karatasi ile.

Bryceson aligombea huku upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, Kinondoni, dhidi ya mgombea Mwafrika. Wapiga kura hawakulazimishwa tena kuchagua Mzungu. Kura tatu zilikuwa zimekwisha zamani. Wakamchagua yeye, tena kwa tofauti kubwa.

Kwa nini? Sidhani kuna aliyempigia kwa sababu ya ngano. Watu wa Kinondoni ya wakati ule, wenye mihogo na minazi na vibarua vya bandarini, ngano ilikuwa inawahusu kwenye mkate tu. Ninavyoisoma mimi, walimpigia kwa uamuzi alioufanya mapema, wakati hakuwa na lazima ya kuufanya, na uliomgharimu kwa wenzake. Mtu akikuchagua wewe wakati kukuchagua hakumlipi, unamkumbuka.

Sasa huyu wa pili. Uchaguzi uleule, Septemba ileile ya 1965, kule Mwanza, Waziri wa Fedha alianguka. Jina lake Paul Bomani. Huyu hukumpata kwa mzee wako, lakini kwa kamba yako ile, ni babu yako wa kisiasa.

Usukuma, mwishoni mwa miaka ya 1940, mkulima wa pamba alikuwa anabeba mzigo wake hadi kwenye duka la mnunuzi, mnunuzi anaweka kwenye mizani, anasoma mwenyewe, anaandika mwenyewe. Mkulima hajui uzito. Anaona tu mwaka huu gunia lilelile limekuwa jepesi. Malalamiko ya mizani yakawa makubwa kuliko malalamiko ya bei. Wakulima wakaanza kuweka mizani zao, mtu wao anapima kwanza, ndipo pamba iende kwa mnunuzi. Bomani, kijana aliyejua hesabu na kuandika, akawa miongoni mwa waliosuka vikundi hivyo kuwa vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kufikia uhuru lilikuwa moja ya mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Kutoka hapo yeye akapanda: Baraza la Kutunga Sheria, Waziri wa Kilimo, Waziri wa Fedha.

Halafu walewale wa pamba wakamwangusha. Nyerere alimrudisha kwa kumteua, na alikuja kuwa balozi wetu Marekani, kwa hiyo usimlilie. Lakini anguko lile lilitikisa nchi. Mimi naliona hivi: mkulima alimjua Bomani kama mtu wa mizani. Alipokuwa Waziri wa Fedha, mkulima aliendelea kuona makato kwenye hela yake ya pamba, ya ushirika na ya serikali, na mtu wake wa mizani sasa ndiye aliyekaa upande wa wanaokata. Tena yuko Dar es Salaam. Labda hakukosea lolote kwenye hesabu za wizara. Lakini mizani aliiachia nani?

Nimekupa watu wawili, dada yangu, na sitaki uwaweke kwenye ratili moja kama nyanya. Mmoja alikuwa mkulima kweli, na ukulima wake ulikuwa karibu umharibie. Mwingine hakuwa mtu wa jembe hasa, alikuwa mtu wa daftari la wakulima, na ndilo lililompandisha. Ukichunguza wengi waliotoka mashambani kwenda kwenye siasa nchini utakuta hivyo: waliopanda si wale waliovuna magunia mengi kuliko jirani. Ni wale walioshughulikia kitu ambacho majirani wote walikuwa wakiumia nacho. Kwa hiyo ukiniuliza shamba litakubeba, nasema shamba hapana. Kamba, inawezekana.

Sitataja "mtoto wa mkulima" wa siku za karibuni isipokuwa kwa mstari mmoja: Mizengo Pinda alijiita hivyo akiwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, na watu wakampenda kwa jina hilo, lakini yeye kitaaluma ni mwanasheria aliyekuwa Ikulu miaka mingi. Kuwa mtoto wa mkulima na kuwa mkulima ni vitu viwili. Wewe ni wa pili.

Tuje kwenye fomu. Sheria haikunyimi. Diwani anatakiwa awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, anaishi katika eneo la halmashauri husika, ana njia halali ya kujipatia kipato, na ni mwanachama wa chama cha siasa kilichomdhamini. Darasa la saba halijatajwa popote, na hata mbunge Katiba haimdai cheti; inadai kusoma na kuandika tu. Wapo wabunge wa darasa la saba waliowatoa jasho maprofesa ndani ya ukumbi. Na kwenye "njia halali ya kipato" ndipo shamba lako linakufaa moja kwa moja: andika mkulima, na usione haya.

Kinachokwaza wengi ni hilo la chama. Mgombea binafsi hana nafasi hapa kwetu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilisema mwaka 2013 kwamba kumzuia ni kukiuka haki, ila mpaka leo mlango haujafunguliwa. Maana yake, kabla ya kukutana na wananchi wa kata, utakutana na wajumbe. Unakumbuka 2020, baada ya kura za maoni, nchi nzima ilivyokuwa inacheka kwamba "wajumbe si watu wazuri"? Walicheka waliokatwa na wasiokatwa. Wenzako wanaokuita diwani pale shambani, wangapi ni wajumbe wa chama chako? Kama jibu ni hakuna, basi kwa sasa una jina la utani. Nenda kwenye vikao vya tawi. Kaa, sikiliza, lipa ada, saidia kwenye misiba. Ni kazi ndefu na inachosha kuliko kumwagilia.

Na usinunue mtu. Nasema hivi kwa sababu watakuja vijana wa kukwambia kwamba bila "maji ya kunywa" hupiti. Kulikuwa na wakati sheria iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mtu mwenye ekari moja na nusu akiingia kwenye mchezo wa bahasha, ataanza kuuza pampu, atafuata kirikuu, na mwisho atashindwa na mwenye ghorofa. Mimi nimemwona mmoja. Alikuwa na mabanda ya kuku wa mayai, kata moja ya mjini hapa, mtu mzuri kabisa. Aliuza kuku wote kwenye mchujo wa ndani ya chama, akawa wa tatu. Nilipomtembelea, mabanda yalikuwa yamepangishwa kwa fundi wa kuchomelea mageti, na yeye alikuwa amekaa nje anamwangalia.

Sasa jambo ambalo nadhani hujalifikiria, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu hivi. Umesema shamba liko karibu na Mto Mpiji. Karibu kiasi gani? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wewe ukiwa mkulima, sheria hiyo unaikwepa kwa unyenyekevu: afisa akija unamwambia ndiyo mzee, akiondoka unaendelea. Ukiwa diwani, karatasi inakuja mezani kwako. Unakaa na mtendaji wa kata, unaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, na siku moja ajenda ni kuwaondoa wakulima wa bondeni. Umeona Jangwani, watu walivyohamishwa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi. Mto Mpiji nao mvua zikizidi hauchezi.

Siku hiyo utafanya nini? Sikuulizi ili unijibu mimi. Nataka ulale nalo. Ukiwatetea wenzako wabaki, kata nzima itasema diwani anatetea matuta yake. Ukisema waondoke, utakuwa Bomani wa Mabwepande. Ipo njia ya katikati, lakini inataka uijue mapema: ujue vipimo, ujue nani yuko ndani ya mita 60 na nani yuko nje, ujue wapi kuna kiwanja cha wazi cha kata ambacho kinaweza kulimwa kwa mpango. Dar es Salaam haijawahi kukataa kabisa kilimo. Kanuni za mwaka 1992 zilikitambua kilimo cha mjini na kumwekea mtu ukomo wa ekari tatu. Shida ni kwamba kwenye ramani za mipango miji mkulima huwa haonekani. Anaonekana mwenye kiwanja, mwenye duka, barabara, makaburi. Mchicha unaoliwa jiji zima hauna rangi yake kwenye ramani. Mtu wa kulisema hilo ndani ya baraza, akiwa ameshika keni ya kumwagilia mwenyewe, hatungekuwa naye mmoja tu kama tungekuwa na akili.

Kuhusu kuliua shamba. Diwani hana mshahara, ana posho. Baraza linakaa kila robo mwaka, lakini kamati zinakaa zaidi, na kata haikai kabisa: ni mtaro umeziba, ni mwalimu hajafika, ni mgogoro wa mpaka, ni kikundi cha akina mama kinataka mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri na hakijui kwa nini jina lao limekatwa. Simu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Wewe saa hizo uko wapi? Unavuna, ili matenga yafike sokoni watu hawajaamka. Mchicha hauna subira. Siku ishirini na kitu umefika, ukichelewa siku nne umekomaa, shina limekuwa gumu, mchuuzi anavunja mmoja kwa kidole mbele yako, shina linalia "tak", anacheka, anashusha bei. Mahindi yangeweza kukungoja umalize kikao. Mchicha hapana.

Kwa hiyo ukishinda, kitu cha kwanza kubadilika ni zao. Punguza mchicha, ongeza bamia na matembele ambayo unachuma na yanarudi, mpe kijana unayemwamini sehemu ya shamba kwa mgawanyo ulioandikwa, si kibarua wa kutwa. Na ukae ukijua madiwani ni viongozi wa umma kisheria: kila mwaka kabla ya 31 Desemba utajaza tamko la mali. Pampu, kirikuu, kila kitu. Ikitokea halmashauri inanunua mboga za shule na wewe unauza mboga, unatangaza maslahi yako na kutoka nje wenzako wajadili.

Bryceson, kama unataka kujua, hakumalizia maisha yake kwenye ngano. Mwaka 1972 alikabidhiwa uongozi wa Hifadhi za Taifa, mwaka 1975 akamwoa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, na akafariki kwa saratani Oktoba 1980. Siasa ilimchukua shambani, na hakuna anayemkumbuka leo kwa gunia lolote alilovuna.

Umegusa pia uanamke wako, nami nitaligusa upesi kwa sababu naona watu wanalikuza kuliko linavyostahili. Utaambiwa uende viti maalumu. Ni njia halali, na wanawake wengi wazuri wamepitia huko. Lakini kiti maalumu hakina kata. Wanaokupa ni wanawake wa chama, si wale wakulima wa kamba. Nguvu yako iko kwa wakulima. Ningekuwa wewe ningegombea kata yenyewe, na viti maalumu nikaviacha kwa asiye na tuta.

Au, na hili ndilo ninaloliona la busara zaidi, anza chini. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024, na huja kila baada ya miaka mitano. Ujumbe wa kamati ya mtaa ni kazi ndogo, haina fahari, hakuna atakayekupigia makofi. Lakini muhuri wa mtaa unagusa mikataba ya kukodi mashamba, na migogoro ya mipaka huanzia hapo. Utajifunza mafaili yanavyotembea na yanavyolala. Ukiona unapenda, kata ipo. Ukiona unachukia, bado una shamba.

Katikati ya yote hayo nina ombi moja. Kabla hujachukua fomu yoyote, ikabidhi ile kamba. Usiibadilishe iwe mali ya kampeni, usiichapishe kwenye fulana. Muite mkulima mwingine, ikiwezekana asiyekupenda sana, umwambie kuanzia leo wewe ndiye mpimaji, na mimi tuta langu utalipima kama la wengine. Kaa misimu miwili. Kama kamba itaendelea kufanya kazi bila wewe, basi umewajengea watu kitu, na hata ukienda barazani hakuna atakayesema umeondoka na mizani. Ikifa mwezi wa pili, ujue walikuwa wanakutii wewe, hawakuwa wamekubaliana juu ya kipimo. Hapo una kazi ya kufanya shambani kabla ya kufikiria kata.

Halafu, umesema ni kamba ya mafundo, hukusema ya nini. Kama ni katani, ikilowa umande wa asubuhi inajikaza na kufupika, na tuta lenu linapungua bila mtu kuiba. Kama ni nailoni, ikivutwa kila siku inarefuka, na hapo mnaoibiwa ni nyinyi. Nunueni futi ndefu ya mafundi ujenzi, ile ya kukunja kwenye kasha, muipime kamba kila mwezi mbele ya wachuuzi. Mje nayo hata kwenye mkutano wa mtaa.